Kabla Hujajaza Flashi, Mtafute Mwenye Wimbo

Leo nilikuwa nimepanga kukutajia albamu nne za wanamuziki wasio na makampuni makubwa nyuma yao, albamu ambazo naona zinastahili kuingia nyumbani mwako. Nitazitaja. Lakini kabla ya hapo nina ungamo, maana bila ya hilo sitakuwa na uso wa kumshauri mtu yeyote kuhusu kununua muziki.

Ilikuwa siku ya soko hapa Ishiara. Wewe uliyewahi kupita njia ya nyanda za chini, ile itokayo Embu kwenda Meru kupitia Tharaka, wajua siku hiyo inavyokuwa. Mbuzi wanalia upande mmoja, akina mama wa ndengu wamepanga magunia upande mwingine, wauza muguka wanagombania kivuli, na jua la Mbeere linakuchoma kisogo kana kwamba unadaiwa nalo. Juu ya kelele hizo zote kuna spika za vibanda vya simu, kila kimoja kikijitahidi kukizima chenzake.

Niliingia katika kibanda kimojawapo. Kijana mwenye kibanda akachomeka flashi yangu katika kompyuta yake iliyojaa vumbi.

"Mwandishi, nikuwekee za nani leo?"

Nikamtajia. Kamaru wa zamani, benga ya Ukambani, mugithi kidogo, na nyimbo za injili za kumfurahisha mama watoto.

"Injili za huku kwetu pia ninazo. Nikutilie?"

"Tia," nikamjibu. Shilingi 50 zikatoka mfukoni, nyimbo karibu 200 zikaingia katika kidude kisichozidi kidole changu cha shahada. Nikajiona mjanja.

Sijapiga hatua kumi nikamwona mwanamke ameketi juu ya kigoda chini ya mwarobaini. Mbele yake alikuwa ametandika leso, na juu ya leso CD kama 30 hivi, zenye picha yake akiwa amevaa gauni la samawati. Namjua vizuri, kwani husali naye kanisa moja na ndiye huongoza sauti ya kwanza katika kwaya yetu.

"Ndugu yangu," akaniita, "hata wewe utapita hivyo hivyo? Moja ni mia mbili tu."

Kabla sijafungua kinywa, spika ya kile kibanda nyuma yangu ilianza wimbo mpya. Ilikuwa sauti yake. Wimbo wa kwanza katika CD ile ile aliyoninyoshea. Nami nilikuwa nao tayari mfukoni, pamoja na nyingine tisa zake, na senti moja haikuwa imemfikia.

Mbuzi wanaoimba

Nilinunua CD, ingawa nyumbani sina mtambo wa kuichezea. Kisha nikaketi kwenye jiwe nikamwomba anisimulie hesabu zake, nikitumaini kwamba hakuona jinsi nilivyoificha ile flashi.

Alikuwa amekopa shilingi 15,000 kwa chama chao cha akina mama. Hazikutosha. Akauza mbuzi wanne na magunia mawili ya ndengu, akaenda studio Embu mjini mara tatu, kila mara akimlipia nauli mpiga kinanda na waitikiaji wawili. CD alichapisha 200. Miezi sita baadaye alikuwa ameuza 41.

"Mbuzi wangu wanaimba kwenye kila bodaboda kutoka hapa hadi Siakago," aliniambia huku akicheka, "lakini hakuna hata mmoja anayerudi zizini."

Msomaji, alicheka yeye, mimi nilishindwa.

Tunapomwita mtu mwanamuziki huru maana yake ndiyo hiyo. Hakuna kampuni iliyomlipia studio, na hakuna meneja wa kumpeleka redioni. Anaimba anachotaka, lakini hasara ni yake peke yake. Na watu kama yeye nchini ni wengi kuliko wale tunaowaona kwenye runinga.

Huenda ukasema, "Si siku hizi muziki uko mtandaoni, analipwa huko?" Nami nilidhani hivyo. Lakini tazama. Spotify, iliyofungua milango Kenya mwaka 2021, iliweka kanuni mwaka 2024 kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12 hauhesabiwi katika malipo ya mirabaha. Kwaya ya kijiji ikisikilizwa mara 900, hiyo ni sifuri. Hata ikivuka 1,000, kila mara moja huleta sehemu ndogo tu ya senti ya dola. Na ukigeukia vyama vya kukusanya mirabaha hapa nyumbani, utakumbuka kilio cha Agosti 2019, pale MCSK kilipotangaza mgao wa Sh2,530 kwa kila mwanachama. Kwa bei za soko letu, pesa hizo hazikutoshi kununua mbuzi mwenye afya.

Kwa hivyo orodha yangu ya leo naitoa kwa sharti moja. Ukipenda utakachosikia, nunua, na ununue kwa njia iliyo karibu kabisa na mkono wa mwenyewe.

Ya kwanza: babu na mjukuu

Tuanze na yule niliyemwomba kijana wa kibanda anitilie bila ya kufikiri. Joseph Kamaru alizaliwa mwaka 1939 Kangema, Murang'a, akaaga dunia Oktoba 2018. Huku Mbeere hatuhitaji mkalimani kumwelewa, maana Kimbeere na Kikuyu ni lugha jirani sana. Wazee wetu walimsikiliza redioni akiimba na dada yake Catherine Muthoni, na wengi walijifunzia adabu za ndoa kwake. Alimwomboleza J.M. Kariuki baada ya kuuawa mwaka 1975. Wimbo wake mwingine, unaomhusu mwalimu anayemtamani mwanafunzi, uliwachoma walimu wa nchi hii hadi wakatishia kugoma.

Jambo lisilokumbukwa sana ni kwamba Kamaru alikuwa pia mfanyabiashara wa muziki wake. Alikuwa na duka la santuri Nairobi, City Sounds, na alijua mapema kwamba mtunzi asiyeshika mlango wa duka atalala njaa.

Mjukuu wake alipewa jina lake kamili, kama ilivyo desturi katika jamii zetu hizi za Mlima Kenya. Yeye hujiita KMRU, na hutunga muziki usio na maneno, wa sauti za mazingira na mitambo. Albamu yake *Peel* ya mwaka 2020 ilimpatia sifa Ulaya. Lakini kijana huyo hakumsahau babu. Alianza kuzisafisha nyimbo za zamani na kuziuza kwenye Bandcamp, duka la mtandaoni ambalo mwanamuziki hujifungulia mwenyewe. Mwaka 2025 ikatoka albamu aliyoikusanya, *Heavy Combination 1966-2007*, ikionyesha safari ya babu kwa miongo minne.

Naipendekeza kwa nyumba yoyote yenye mzee. Mchezee, kisha nyamaza. Atakusimulia mambo ambayo hukujua kwamba anayajua.

Na kama wewe, kama mimi, ulidhani nyimbo za marehemu hazina mwenyewe, sikiliza sheria. Hakimiliki nchini Kenya hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kazi za Kamaru zina wenyewe hadi mwisho wa mwaka 2068. Zile nilizotiliwa kwa shilingi 50 zilikuwa mali ya familia fulani.

Ya pili: wanawake waliosogea mbele

Tuvuke mpaka hadi Tanzania. Jina la Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze wa kabila la Wagogo aliyefariki mwaka 2003, si geni kwa wapenzi wa ngoma za asili. Aliishi na kufundisha Bagamoyo, akaimba katika majukwaa ya dunia nzima. Nyuma yake walikuwako wanawake wa ukoo, wakiitikia na kucheza.

Wawili kati yao, binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, wamesogea mbele. Wanajiita The Zawose Queens, na mwaka 2024 walitoa albamu yao ya kwanza, *Maisha*. Iliyoitoa ni Real World, kampuni ya Uingereza aliyoianzisha mwanamuziki Peter Gabriel mwaka 1989, ambayo haimo katika yale makampuni makubwa matatu ya dunia.

Usipokijua Kigogo usihofu. Sauti hupandana kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja kwa michi mitatu, kila mmoja akijua zamu yake. Aliye na bibi Mtharaka au Mchuka ataikuta mahali fulani ndani ya kifua chake, kwani nasi tulikuwa na ngoma za namna hiyo kabla hazijaachiwa sherehe za sikukuu za taifa. Mahali pachache mitambo ya kisasa imepigwa kwa nguvu kuliko nilivyopenda, lakini binti yangu wa miaka 14 anasema ni hapo hasa ndipo anapopapenda. Basi tumegawana albamu.

Ya tatu: kitukuu wa Siti

Tukiwa bado upande huo, tuteremke hadi Unguja. Siti binti Saad, mwana wa kijijini aliyekuja mjini akiuza vyungu, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na anahesabiwa mwanamke wa kwanza wa pwani yetu kufanya hivyo. Kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa mwaka 2020 albamu iitwayo *Siti of Unguja*, kupitia On the Corner, kampuni ndogo ya London.

Humo nyimbo za bibi mkuu zimeimbwa upya. Wapo wapigaji wa taarabu wa Zanzibar, na chini yao mna mingurumo ya mitambo ya leo. Mshabiki wa taarabu asilia anaweza kukunja uso nyimbo moja mbili. Mimi nilikunja, nikarudia, nikakunjua. Sauti ya Siti Muharam haina haraka. Anaimba kama mtu anayekueleza habari ya jirani huku akiangalia kama mlango umefungwa.

Hii ni ya jioni, taa zimewashwa na kazi zimekwisha. Wenye ndoa za miaka mingi nawaombea waisikilize wawili.

Ya nne: mbuzi na maembe

Ya mwisho ni ya ajabu kidogo, na nimeiweka kwa sababu ya Ishiara. Nyokabi Kariũki ni mtunzi Mkenya aliyesomea muziki New York. Wakati wa janga la korona, akiwa mbali na nyumbani kwa moyo, alikusanya sauti alizokuwa amezinasa Kenya, za watu, ndege, mawimbi na mazungumzo ya kwao, akazifuma na ala na uimbaji wake. Mwaka 2022 akazitoa katika mkusanyiko mfupi aliouita *peace places: kenyan memories*.

Kimo kipande kinachotembea katika shamba la cucu wake. Na kimo kingine ambacho jina lake linaanza kwa neno Ngurumo, kisha linasema habari ya kuwalisha mbuzi maembe. Niliposoma jina hilo nilicheka peke yangu. Mtoto yeyote wa Mbeere amefanya kazi hiyo msimu wa maembe, wakati yaliyoanguka hayauziki na mbuzi hawachoki. Sikujua kwamba kuna mtu angeweza kuiona kuwa ni muziki, wala kwamba mtu wa Ulaya angelipia kuisikiliza.

Nikuonye mapema: hapana mdundo wa kuchezea. Mara ya kwanza nilipoicheza nyumbani, mama watoto aliuliza kama redio imeharibika. Jaribu kuisikiliza alfajiri, kabla bodaboda hazijaamka. Kama una mwana au ndugu Dubai au Marekani, mpelekee. Ataelewa upesi kuliko wewe.

Mkono kwa mkono

Sasa tuzungumze pesa, maana mapendekezo bila ya njia ya kununua ni sawa na kumtajia mwenye njaa majina ya mapochopocho.

Bandcamp hukata asilimia 15 ya bei ya muziki wa mtandaoni, na gharama za malipo zikishatolewa, sehemu kubwa inayobaki huenda kwa mwanamuziki au kampuni yake ndogo. Tangu Machi 2020 duka hilo pia limekuwa na Ijumaa maalumu ambazo huacha fungu lake lote. Ukinunua, wimbo unakuwa wako, unaushusha katika simu au flashi, na huhitaji intaneti kuusikiliza tena.

Najua utakaloniuliza: "Nani Ishiara ana kadi ya benki ya kununua London?" Tangu mwaka 2022 M-Pesa ina huduma ya GlobalPay, ambayo hukupa nambari ya kadi ya Visa ndani ya simu, na pesa zinatoka katika salio lako la kawaida. Mimi nilisaidiwa na mpwa wangu wa kidato cha tatu, ikatuchukua muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. Wewe pia una mpwa.

Ukisikiliza bila ya kununua, basi fanya mambo mawili madogo. Fungua ukurasa wa mwanamuziki mwenyewe badala ya ule wa mtu aliyeuiba wimbo akaupandisha kwa jina lake. Na usiusikilize mara moja ukauacha. Kumbuka ile hesabu ya mara 1,000.

Lakini kwa mwanamuziki wa sokoni kwenu, yule asiye na Bandcamp wala meneja, njia ni fupi zaidi. Muulize nambari yake ya simu. Mtumie shilingi 100 umwambie ni za nini. Kwa thamani, hizo ni sawa na mamia ya watu wasiojulikana kumsikiliza mtandaoni, na tena atajua nani amemsikiliza.

Nilirudi kibandani

Naam, ungamo halikamiliki bila ya malipizi. Siku ya soko iliyofuata nilirudi kwa kijana wa kibanda. Sikumwendea kwa ukali, kwani ni kijana wa hapa hapa, analipa kodi ya kibanda na karo ya mdogo wake, na mimi ndiye niliyemwomba nyimbo. Nilimwambia tu kwamba yule mama aliye chini ya mwarobaini ndiye mwenye sauti anayoipiga kila siku.

"Yule?" akashangaa. "Mimi nilidhani ni wa Nairobi."

Alikuwa amempita kila siku ya soko kwa miezi sita.

Nikawakutanisha. Hapakuwa na wakili wala karatasi. Mama alimpa kijana albamu yote ikiwa safi, moja kwa moja kutoka studio, maana ile aliyokuwa nayo ilikuwa na mikwaruzo. Wakakubaliana auze albamu nzima kwa flashi shilingi 100, 70 za mama na 30 za kibanda, na zitumwe kwa M-Pesa jioni ya siku hiyo hiyo. Kijana akabandika ile picha ya gauni la samawati dirishani.

Sitakudanganya kwamba mambo yamekuwa asali. Katika siku tatu za soko zilizopita zimeuzwa 11. Fanya hesabu, ni shilingi 770. Na vibanda vingine vinaendelea kama kawaida, spika juu. Lakini Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mama huyo alinivuta kando akaniambia kwamba nyimbo za albamu ya pili ziko tayari, nane kati ya kumi. Kilichobaki ni studio.

"Safari hii nimekadiria mbuzi watatu," akasema. "Mmoja naona huenda akarudi."

Basi msomaji, kabla hujainuka hapo ulipo, chukua simu yako uangalie nyimbo zilizomo. Tafuta moja ya mtu wa kwenu, wa wilaya yenu, ambayo waipenda na hukuilipia. Kisha uliza mwenyewe anakaa wapi. Huenda yuko hatua kumi kutoka hapo uliponunulia.

Tukutane Jumapili ijayo, Mola akipenda.